Mabinti watatu na mimba ya nne: je, nipime jinsia?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa miaka 29, nakaa Kisauni, Mombasa. Nina mabinti watatu na sasa nina mimba ya wiki 15. Mavyaa amesema waziwazi kwamba nyumba hii haina mrithi. Ameninunulia unga wa mitishamba niunywe na maziwa ili mtoto awe mwanamume, na nimeshaanza kuunywa. Bwanangu si mtu mbaya, lakini juzi aliniambia twende tukapige skani tujue jinsia mapema, na ikiwa ni msichana tena, "tutajua la kufanya". Rafiki yake anayesafiri India amemwambia huko mambo haya ni ya kawaida. Je, mimi ndiye mwenye kasoro? Na je, niende nikapimwe?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu.

Huo unga uache leo. Usingoje pakiti iishe, wala usiumalizie kwa kumwogopa mavyaa. Mtoto aliye tumboni ana jinsia yake tangu saa ile mbegu ya babake ilipoingia kwenye yai lako, na hakuna kitu cha kunywa kitakachoibadilisha wiki ya 15. Kinachoweza kuharibika ni afya yake. Katika jimbo la Haryana, kaskazini mwa India, dawa za aina hii huuzwa kwa akina mama wenye mimba changa. Watafiti walipozipima walikuta baadhi zina homoni, na walipowalinganisha akina mama waliozitumia na wasiozitumia, wakakuta watoto wenye kasoro za kuzaliwa ni wengi zaidi kwa wale waliozitumia. Chukua hiyo pakiti uende nayo kliniki, umwonyeshe muuguzi, umwambie ulianza lini na umekunywa kiasi gani. Usione haya. Wanaoficha ndio wanaotupa kazi ngumu baadaye, kwa sababu tunatafuta sababu ya tatizo huku jibu liko kabatini nyumbani.

Huna kasoro. Jinsia huamuliwa na kromosomu, yaani vibeba urithi vilivyomo ndani ya yai na mbegu, na kwa upande huo yai la mwanamke lina ya X tu, halina kingine cha kutoa. Mbegu za mwanamume ndizo za aina mbili, za X na za Y. Ikitangulia ya X, anapatikana msichana. Ikitangulia ya Y, anapatikana mvulana. Nakueleza haya ili moyo wako utulie, si ili ukamrushie bwanako, maana yeye naye hana uwezo wa kuchagua ipi itangulie. Kwa bahati tupu, kati ya kila familia nane au tisa zenye watoto watatu, moja huwa na mabinti watupu. Hapo Kisauni tu utazikuta tele. Na mimba ya nne haijali zilizoitangulia: nafasi ya kupata mvulana ni ile ile, nusu na kidogo juu. Kuhusu yale mahesabu ya kulala pamoja siku fulani ya mwezi ili upate mvulana, watafiti wa Marekani waliyapima kwa wanawake waliokuwa wakitafuta mimba, na mwaka 1995 wakatoa matokeo kwamba siku haibadilishi jinsia.

Skani uende ukapige. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate angalau skani moja kabla ya wiki ya 24, na kati ya wiki ya 18 na 22 ndipo picha inapoonyesha mengi: umri wa mimba, kama ni mtoto mmoja au mapacha, moyo na uti wa mgongo vimeumbika vipi, kondo la nyuma limekaa wapi. Kwa mama wa mimba ya nne mimi hulitazama sana kondo, kwa sababu kadiri mama anavyozaa ndivyo uwezekano unavyoongezeka wa kondo kukaa chini na kuziba mlango wa kizazi, na likikaa hivyo damu inaweza kumwagika ghafla. Hayo ndiyo ya kuuliza. Jinsia ni habari ya ziada tu, na wiki ya 15 mpimaji anaweza kukosea kabisa.

Hapa Kenya wazazi wengi huiuliza jinsia kwa furaha yao, wajue wanunue nguo gani, na wapimaji huitaja. Lakini unayo haki ya kumwambia mpimaji kabla hujalala kitandani kwamba hutaki kujua, na kwamba asiambiwe mtu mwingine pia. Habari za mwili wako ni zako. Ikiwa bwanako ataingia nawe chumbani, tafuta dakika moja ya kulisema hilo ukiwa peke yako. Ningekuwa mimi ninayekupima, nisingeitaja jinsia kwa mtu yeyote, maana katika nyumba yenu kuna aliyeshasema "tutajua la kufanya".

Maneno hayo yananitia wasiwasi kuliko unga. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 26(4), inasema kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa pale ambapo mtaalamu wa afya aliyefunzwa ameona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Mtoto kuwa msichana hakumo humo. Kanuni ya Adhabu inamkamata anayeitoa, anayeleta dawa, na mama mwenyewe. Kwa hiyo atakayekubali kulifanya kwa sababu hiyo atalifanya kwa kificho, kwa mikono au kwa tembe za kununua bila ya usimamizi, na mimba ikiwa imeshafika miezi minne au mitano. Wanaofika wodini baada ya hapo huja wakivuja damu, wakiwa na homa, wengine kizazi kimetoboka. Wako waliotolewa kizazi wakiwa na umri wako. Wako wasiofika.

Nisikuache hapo bila kusema jambo moja: mama yeyote anayetokwa na damu, hata iwe imesababishwa na nini, ana haki ya kutibiwa hospitalini. Aende. Asikae nyumbani kwa kuogopa kuulizwa.

Sasa nina maneno na bwanako, na ningependa umsomee sehemu hii. Rafiki yake amemwambia kwamba India ni jambo la kawaida. Si kweli, na India wenyewe wamelipa gharama ya kujifunza hivyo. Miaka ya 1970 walianza kupima maji ya chupa ya uzazi kwa ajili ya kutafuta maradhi ya kurithi, na haikuchukua muda kipimo kile kikageuzwa cha kutafuta wasichana. Skani ilipoenea miaka ya 1980, kliniki zilitangaza kwamba ni afadhali mzazi alipe kidogo leo kuliko kulipa mahari kubwa kesho, maana huko familia ya bibi harusi ndiyo hutoa mali. Ona jinsi hoja hiyo isivyokuwa na mahali pa kusimama Mombasa: sisi mahari yanatoka kwa mume yanakwenda kwa mke. Tunataka kuiga dawa ya ugonjwa ambao hatuna.

Hesabu ya India ya watoto wa chini ya miaka 7 inaeleza yaliyofuata. Mwaka 1961 kulikuwa na wasichana 976 kwa kila wavulana 1,000. Mwaka 1991 walikuwa 945, mwaka 2001 wakawa 927, na mwaka 2011 wakashuka hadi karibu 918. Haryana peke yake mwaka 2011 walikuwa 834. Sheria ya kukataza kupima na kutaja jinsia ilipitishwa mwaka 1994 na ikakazwa mwaka 2003. Kila mashine ya skani lazima iandikishwe, kila mjamzito anayepimwa ajaziwe fomu, na ukutani pawe na bango la kusema kwamba hapa jinsia haitajwi. Daktari anayevunja sheria hiyo anafungwa hadi miaka mitatu kwa kosa la kwanza. Watu wetu wengi wa Mombasa huenda India kutibiwa, na bango hilo watalikuta. Rafiki wa bwanako angeomba jinsia katika hospitali ya huko, angekuwa anamwomba daktari atende jinai.

Ukiwauliza waliolifanyia kazi jambo hili, sheria peke yake haikutosha. Mashine ni ndogo, hubebwa ndani ya gari, na kutaja jinsia hakuhitaji hata neno. Ishara ya mkono inatosha. Nchi iliyofaulu zaidi ni Korea Kusini, na imefaulu kwa njia ambayo inatuhusu. Mwaka 1987 madaktari wao walikatazwa kutaja jinsia, lakini mwaka 1990 wavulana waliozaliwa walifika 116 na nusu kwa kila wasichana 100, na kwa mtoto wa tatu na kuendelea walipita 180. Kilichobadilisha mambo ni yale yaliyofanyika majumbani na mahakamani. Wasichana walisoma, wakaajiriwa, wakawa wanawatunza wazazi wao wenyewe. Sheria ya mirathi ilirekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ilisema mfumo wa kumtanguliza mwanamume kuwa mkuu wa familia unapingana na katiba. Mfumo huo ukaondoka mwaka 2008. Kufikia 2007 uwiano ulikuwa umesharudi palepale pa kawaida. Februari 2024 mahakama hiyo hiyo ilifuta katazo la kutaja jinsia, kwa sababu upendeleo wenyewe ulikuwa umekwisha nguvu.

Nimetaja mtoto wa tatu kwa makusudi. Mahali pengi jambo hili lilipotokea, kifungua mimba huachwa azaliwe jinsi alivyo. Shinikizo linamshukia mama mwenye wasichana wawili au watatu. Katika jimbo la Ontario nchini Canada, akina mama wahamiaji waliozaliwa India ambao tayari walikuwa na mabinti wawili walizaa, mara ya tatu, karibu wavulana wawili kwa kila msichana mmoja. Maumbile hayafanyi hivyo. Popote duniani wanaozaliwa ni karibu wavulana 105 kwa wasichana 100, na huku kwetu Afrika ni kama 103. Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu lilikadiria mwaka 2020 kwamba wanawake na wasichana zaidi ya milioni 140 hawapo duniani kwa sababu ya kuzuiwa kuzaliwa au kuachwa wafe kwa kutotunzwa.

Wako wanaodhani kwamba wasichana wakipungua thamani yao itapanda. Haryana imejibu. Wanaume waliokosa wake waliletewa wanawake kutoka majimbo ya mbali kama Assam na Bengal, wengine wakinunuliwa kupitia madalali, wakafika mahali wasipojua lugha wala mtu. China, ambako wavulana walifika karibu 121 kwa wasichana 100 mwaka 2004, imekuwa na biashara ya aina hiyo ya wanawake kutoka Myanmar na Vietnam. Binti akiwa adimu huwindwa.

Je, hapa Kenya tuna balaa hilo? Takwimu zetu za uzazi hazionyeshi, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini wataalamu wa idadi ya watu wameonyesha kwamba linahitaji mambo matatu kukutana: familia inayotaka mwana wa kiume kwa lazima, kipimo kinachopatikana kwa urahisi, na familia ndogo. La kwanza tunalo kwa kiasi, na barua yako ni ushahidi. La pili tunalo sasa; skani zimefika hadi mitaani. La tatu linakuja mbio. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Uchunguzi wa 2022 ulikuta 3.4. Bibi zetu waliotaka mvulana waliendelea kuzaa tu mpaka apatikane. Mtu anayetaka watoto watatu au wanne hana nafasi hiyo, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Ndiyo maana nimelijibu swali lako kwa urefu.

Tuzungumze na hofu ya mavyaa basi, maana kumlaumu hakutasaidia. Anasema nyumba haina mrithi. Mimi ni daktari wa uzazi, si kadhi, lakini mirathi imo katika Sura ya An-Nisaa na hesabu yake haifichiki. Akifa mtu ameacha mke, mama na mabinti watatu, mke anapata thumni, yaani moja ya nane; mama anapata sudusi, moja ya sita; mabinti wanapata theluthi mbili. Ukigawa mali mafungu 24, mke ana 3, mama ana 4, mabinti wana 16. Linabaki fungu 1 tu, na hilo ndilo la asaba, yaani warithi wanaochukua kinachobaki, mathalani ndugu wa kiume wa marehemu. Mabinti wenu ni warithi, tena ndio wenye sehemu kubwa kuliko wote. Mavyaa mwenyewe yumo. Asipokuwepo yeye wala babake marehemu, mafungu ya asaba huwa 5, na hapo ndipo wengine wanapoogopa kwamba ami zao watakuja kudai chumba ndani ya nyumba. Kuna njia ya halali ya kulituliza hilo: baba kuwapa mabinti hiba, yaani zawadi ya mali, akiwa hai na mzima, wakaipokea na kuimiliki kweli, au kuweka wakfu. Bwanako aende Mahakama ya Kadhi, au kwa mwanachuoni anayemwamini, aeleze mali yake ni nini na apate ushauri. Siku moja ya kufanya hivyo inamaliza hofu ambayo mimba kumi haziwezi kuimaliza. Kwa wasomaji wangu Wakristo na wengine, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 haibagui kati ya mwana na binti.

Tena hawa ni watu wa Pwani wanaosema hivi! Katika miji yetu ya kale, Lamu hasa, wenye uwezo walikuwa wakimjengea binti nyumba, na bwana harusi ndiye aliyehamia. Nyumba ilibaki kwa wanawake, mama kwa binti. Na uzeeni nani anakaa na mzazi? Muulize mavyaa, kwa adabu, ni nani katika majirani zake anayemwogesha mamake mgonjwa, anayekaa naye foleni hospitali ya Makadara, anayetuma pesa za dawa. Majina mengi atakayoyataja nayajua kabla hajayataja.

Dini nayo imelisema jambo hili wazi. Sura ya An-Nahl inamlaumu yule ambaye uso wake husawijika anapopewa habari ya kuzaliwa msichana, na Sura ya At-Takwir inataja siku ambayo msichana aliyezikwa hai ataulizwa aliuliwa kwa kosa gani. Mtume, rehma na amani zimshukie, amewaahidi wanaolea mabinti wawili mpaka wakakua kwamba watakuwa karibu naye Siku ya Kiyama. Imamu wa msikiti wenu anaweza kumwambia bwanako haya vizuri kuliko mimi, na wanaume husikilizana.

Namna ya kuongea naye: usianze na lawama, na usiongee mbele ya mamake. Mtafute mkiwa wawili, watoto wamelala. Mwambie maneno yale yamekutisha, umuulize alikusudia nini. Wanaume wengi husema "tutajua la kufanya" wakiwa hawajui lolote la kufanya, wanarudia walichoambiwa. Ukimuuliza moja kwa moja huenda akaona haya mwenyewe. Na mwombe aje nawe kliniki. Wauguzi wetu wanajua kumweleza baba habari ya X na Y bila kumdhalilisha, na nimeona akina baba wakitoka mle wamebadilika, wakaenda kumtetea mke mbele ya mama.

Ikiwa hatabadilika, ikiwa atakulazimisha, akakupiga, akatishia kukuacha au kukuletea tembe, hilo ni dhuluma, na Kenya ina sheria ya 2015 ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani. Piga simu 1195. Haina malipo na inapokea saa zote. Hospitali ya Coast General ina kituo cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, na unaweza kuingia hata kama hujapigwa. Mwambie pia mtu wa upande wako, mamako au dada yako, asiwe mtu wa kusikia habari hizi kwa mara ya kwanza siku ya matatizo.

Nenda kliniki wiki hii kwa ajili ya ule unga na kipimo cha damu, kwa sababu mama wa mimba ya nne mara nyingi huwa amepungukiwa na damu. Panga skani iwe wiki ya 20, uchukue kitabu chako cha kliniki, na uulize kondo limekaa wapi.